Karatasi ya Tabita na Ng'ombe Aitwaye Meatu

Mkamwana wangu Tabita alipoingia kwenye mji wetu hakujua kukamua. Nalisema hili kwanza, mtu asije akadhani ninampamba. Alikuwa binti wa kutoka Mpemba, kile kituo cha malori pale barabarani, Mnamwanga kwa kabila, mtoto wa mama muuza mchele, mwenye mashangazi ng'ambo ya mpaka kule Nakonde. Mikono yake ilikuwa ya kupima mchele kwa kopo na kushika kalamu. Asubuhi ya kwanza niliyompa kibuyu cha kukamulia, ng'ombe alimpiga teke, kibuyu kikaenda huku na yeye kule, na mawifi zake wakacheka mpaka wakakaa chini. Yeye akainuka, akajipangusa, akaniuliza, "Mama, nilikaa upande gani?"

Nikamwambia alikaa kushoto, na ng'ombe yule amezoea mtu wa kulia. Kesho yake akakaa kulia, akakamua kidogo. Mtu anayepigwa teke akauliza alikaa wapi, badala ya kumtukana ng'ombe, huyo ana akili. Hapo nikajua mwanangu Ngusa hakupotea njia.

Sisi ni Wasukuma. Tulitoka Meatu mwaka wa themanini na nane, kiangazi, malisho yamekwisha na mifugo imebaki mbavu. Tulitembea na ng'ombe, mimi, mume wangu na mdogo wake Maduhu, miezi mitatu kasoro siku chache, mpaka tukateremka huku bonde la Momba kwenye nyasi. Wengi wa ng'ombe walifia njiani. Maduhu alifika na jike mmoja tu aliyekuwa na nguvu, na yule jike ndiye aliyemwanzishia kundi alilonalo. Mjukuu wa jike yule, na jike wa mwisho aliyebaki wa uzao ule, ndiye huyu ninayemsimulia. Maduhu alimpa jina la nchi tuliyoiacha, Meatu. Ng'ombe mwekundu, pembe moja imeinama kama inasikiliza. Yeye ndiye wa kwanza kutoka zizini na wa kwanza kuingia. Alikuwa amezaa mara nne na zote madume. Sasa alikuwa mzee, na Maduhu alikuwa akingoja kitu kimoja tu kwake, azae jike kabla hajachoka, ili uzao ule usiishie kwake.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini darasa la saba la zamani, si la sasa. Magazeti yaliyofungia sukari nilikuwa nakunjua na kumsomea mume wangu mpaka akalala. Kwa hiyo Tabita alipomwomba Ngusa ruhusa ya kwenda Tunduma miezi minne kumalizia masomo yake ya kompyuta, na ndugu wakaanza kusema mke akiondoka na sanduku harudi na sanduku, mimi ndiye niliyesema aende. Nikamsindikiza mwenyewe mpaka kwenye lori la mpunga.

Alirudi na kompyuta ya kukunja, kuukuu, mfuniko wake umeshikiliwa na plasta ya kidonda. Aliyemfundisha alikuwa mwalimu Watson, mtu wa Nakonde, na Tabita alipenda kumwiga anavyosema darasani kwa Kibemba chake: kompyuta inajua mambo mawili tu, *ee* na *awe*, yaani ndiyo na hapana, mengine yote ni ya binadamu. Mawifi walikuwa wakimwomba amwige wakati wa kutwanga. Chaji alikuwa anaichukua kwenye sola ya Ngusa, mchana, jua likiwa kali.

Siku moja aliniketisha akanionyesha alichojifunza. Nilitegemea picha. Hakukuwa na picha, yalikuwa maandishi tu kwenye kioo cheusi. Akaniambia pale mtu anaandika amri, na kompyuta inazifuata kutoka juu kwenda chini bila kuruka hata moja. Na amri yenye akili kuliko zote ni ile ya masharti. Unaandika: kama jambo fulani ni kweli, fanya hivi, la sivyo, fanya vile. Maneno yenyewe ni ya Kiingereza, *if* na *else*, lakini yeye alinisomea kwa Kiswahili.

Nikamwambia hiyo si elimu, hiyo hata mchunga ndama anaijua. Akacheka, akasema ndiyo maana anataka kuipeleka zizini.

Alichokitaka ni hiki. Huku bondeni mvua zikiisha, ng'ombe wanapata minyoo ya ini kwa sababu ya kunywa maji ya madimbwi. Dawa yake ni ile nyeupe kama maziwa, inanyweshwa kwa bomba mdomoni. Ukimpa kidogo, minyoo inabaki, na ukizidisha unamuumiza. Tena chupani pameandikwa onyo kwamba ng'ombe mwenye mimba changa asipewe, maana anaweza kuitupa. Bwana mifugo wetu alikuwa na vijiji vingi na pikipiki moja, kwa hiyo kila mtu alikuwa ananywesha kwa kukisia. Tabita akasema yeye atapima kila ng'ombe kifua kwa futi ya fundi cherehani, aingize vipimo kwenye kompyuta, na kompyuta itamwambia: kama kifua ni kidogo kuliko hapa, dawa ni kiasi hiki, kama kinazidi hapa lakini hakifiki pale, kiasi kile. Na mwisho kabisa, kama jike ana mimba, asipewe, angojwe bwana mifugo. La sivyo, apewe.

Ilikuwa Juni ya mwaka elfu mbili na kumi na nne. Alizunguka na futi na daftari kwenye zizi letu na la Maduhu. Siku hiyo mimi sikuwapo, nilikuwa nimekwenda msibani Kamsamba, na ningekuwapo ningemwambia jambo moja ambalo hakuna aliyemwambia.

Shemeji yangu Maduhu ana mwiko aliorithi kwa baba yake. Mimba ya ng'ombe haitajwi mpaka kiwele kishuke. Kitu kikitajwa kabla ya wakati wake, macho mengi yanakiangalia. Mume wangu naye alikuwa hivyo hivyo. Mimi nilipokuwa na mimba ya Ngusa, hakuitaja hata kwa mama yake mpaka tumbo lilipojitaja lenyewe. Sasa huyu mtoto wa barabarani anapita jike kwa jike na kalamu, anamuuliza mzee wa Kisukuma mbele za watu, "Baba, huyu ana mimba?" Maduhu akatazama juu akasema nyasi za mwaka huu ni nzuri. Akamuuliza wa pili, Maduhu akasema upepo umegeuka. Tabita akaona aibu kumrudia mkwe, akaacha wazi. Kwenye daftari, safu nzima ya majike ya Maduhu ilikuwa nyeupe.

Akaenda akaingiza vyote kwenye kompyuta, penye jibu jibu, penye uwazi uwazi. Kompyuta haikulalamika. Ikatoa orodha, naye akainakili kwenye karatasi kwa mwandiko wake mzuri wa mviringo.

Siku ya kunywesha nilisimama mimi mlangoni mwa zizi na ile karatasi, kwa sababu nina sauti na macho yangu bado yanaona. Ngusa alikuwa anashika pua ya ng'ombe na kuinua kichwa, Tabita anabonyeza bomba, Maduhu amesimama nje ya boma na kamba begani. Wa kwanza akaja Meatu, kama kawaida yake. Nikasoma: Meatu, apewe, na kiasi chake. Akanywa, akalamba midomo, akapita. Wakapita madume wawili. Wa nne alikuwa mtamba wa Maduhu, mweusi mwenye paji jeupe. Nikasoma jina lake na mbele yake pameandikwa apewe, na mdomo wangu ukasita. Mtamba yule nilimwona kwa macho yangu, wiki tatu nyuma, kisimani, dume akiwa juu yake.

"Tabita," nikamwita. "Nani kasema huyu hana mimba?"

"Hakuna aliyesema, mama. Baba hakujibu, nikaacha wazi."

"Sasa karatasi imejuaje?"

Alibaki na bomba mkononi, dawa inadondoka kwenye kanga yake. Kisha akamwambia mumewe amwachie ng'ombe. Akaja akaichukua ile karatasi kwangu, akaikodolea macho kama aliyeandika ni mtu mwingine.

"Niliandika kama ni ndiyo, asipewe," akasema taratibu. "Kisha nikaandika la sivyo, apewe. Nilidhani la sivyo ni hapana. Kumbe ni kila kitu ambacho si ndiyo. Hata mtu akinyamaza, kompyuta inampeleka huko huko."

Ngusa hakuelewa, akauliza kwa hiyo waendelee au wasiendelee. Mimi nilielewa. Na nilielewa na jingine, kwamba sauti iliyosema Meatu apewe ilikuwa yangu.

Nikamwendea Maduhu. Sikumuuliza kama Meatu ana mimba, maana namjua, ningebaki nasimuliwa mawingu. Nilimwambia dawa hii inatupa mimba changa, ndiyo maana mtoto alikuwa anauliza, hakuwa anachungulia mali ya mtu. Uso wake ukabadilika.

"Hakuniambia," akasema.

"Sikumwambia, mama," Tabita akasema nyuma yangu. "Niliuliza bila kusema kwa nini nauliza."

Maduhu alinitazama mimi, hakumtazama yeye. "Shemeji, mwambie mkamwana wako, dume alishinda na Meatu siku tuliyomaliza kupiga mpunga."

Tulihesabu. Siku kumi na tisa. Mimba changa kuliko hiyo ni ipi? Ngusa akapanda kwenye kichuguu, ndiko mtandao ulikokuwa unapatikana, akampigia bwana mifugo. Bwana mifugo akasema hakuna cha kufanya ila kungoja. Wengine wanaishika, wengine wanaitupa. Akitaka dume tena ndani ya wiki sita, mjue imetoka. Asipotaka, mshukuruni Mungu.

Wiki sita. Mtu anaweza kutembea kutoka Meatu mpaka nusu ya njia ya kuja huku kwa wiki sita.

Maduhu hakugomba. Ingekuwa heri angegomba. Alikuwa anapita asubuhi, ananisalimu mimi, "Mwangaluka, mama Ngusa," na Tabita aliyepiga magoti pembeni yangu anamruka kama kigogo cha moto. Mawifi nao wakaacha kumwomba amwige mwalimu Watson. Mmoja alisema, wala si kwa kunong'ona, kwamba tangu lini ng'ombe akatibiwa na mtu aliyejifunzia kwenye lami. Tabita akaingia ndani. Aliikunja kompyuta yake, akaitumbukiza kwenye gunia la mchele la mama yake, akaifunga kamba. Kila asubuhi kabla ya kukamua alikwenda zizini kwa Maduhu, akasimama mbali, akamtazama Meatu, akarudi. Alikuwa na daftari anaandika tarehe na neno moja tu: ametulia.

Wiki ya pili nilichoka na lile gunia. Nikamwita, nikamwambia atoe kile kitu chake humo kabla panya hawajakifanya nyumba. Akasema hataki kukiona. Nikamwambia, kaa upande wa kulia. Alikumbuka, akatabasamu kidogo, tabasamu la mgonjwa.

Nikamsimulia jinsi marehemu mume wangu alivyokuwa anawaagiza wachungaji. Alikuwa hajui kusoma, lakini amri zake zilikuwa hazina tundu. Alisema hivi: kama kisima cha juu kina maji, nywesheni pale. Kama hakina maji, shukeni mtoni. Mkikuta jingine lolote, msifanye kitu, rudini mniulize. Siku moja wachungaji walikuta kisima kina maji lakini ndani yake kuna fisi aliyekufa. Kina maji, ndiyo. Lakini walirudi wakamuuliza, na ng'ombe wakapona. Angewaambia la sivyo tu, wangechagua wenyewe.

"Wewe uliacha njia mbili," nikamwambia. "Weka na ya tatu, ya kurudi kuuliza."

Akahesabu njia zile tatu kwa vidole. Kisha akafungua gunia. Alipanga mistari yake upya huku mimi nimekaa kando. Kama jibu ni ndiyo, asipewe. Kama jibu ni hapana, apewe. La sivyo, na hapo akaandika kwa herufi kubwa, ULIZA. Nikamwambia amjaribu Meatu kama alivyokuwa siku ile, na uwazi wake. Akaingiza jina, sehemu ya mimba akaiacha tupu, akabonyeza. Kioo kikaandika ULIZA. Akabonyeza mara ya pili, na ya tatu, na kila mara ikasema vile vile. Ninakumbuka alivyoshusha pumzi, kama mtu aliyetua ndoo ya kichwani.

Nikampa na lingine. Nikamwambia swali lako lenyewe ni baya. Maduhu hatakujibu kama ng'ombe ana mimba mpaka dunia iishe. Muulize dume alishinda naye lini. Hiyo ni habari ya dume, haina mwiko, na siku utahesabu mwenyewe. Akaandika na hilo.

Lakini Meatu bado alikuwa hajatuambia lake. Siku ya thelathini na nane ng'ombe wakiwa malishoni, mmoja wa mawifi alikuja mbio akasema Meatu amejitenga, amesimama peke yake, na dume anamfuata. Tabita aliacha ungo wa mpunga chini akaenda. Nami nikaenda, na goti langu hili. Tulimkuta Maduhu ameshafika, ameegemea fimbo. Dume alikuwa amemfikia Meatu, anamnusa nyuma, ameinua kichwa na kukunja mdomo wa juu vile wanavyofanya. Tabita alikuwa ameshika pindo la kanga yangu kama mtoto.

Dume akanusa tena. Kisha akapiga chafya, akageuka, akaenda kula nyasi zake. Meatu alikuwa amejitenga kwa sababu amepata kichuguu chenye chumvi, anakilamba.

Maduhu alicheka. Kicheko kifupi, cha puani, lakini mimi nilikuwa sijakisikia tangu siku ya karatasi. Akapita mbele yetu, na alipofika kwa Tabita akasema, akitazama mbele, "Nyasi za mwaka huu ni nzuri."

"Ndiyo, baba," Tabita akajibu. "Na upepo umegeuka."

Wiki sita zikaisha salama. Septemba bwana mifugo akafika na pikipiki yake, akavaa glovu ndefu, akaingiza mkono, akafikiri kidogo. Maduhu alipomwona anafungua mdomo, akasema amekumbuka kamba yake aliisahau kisimani, akaondoka mbio. Kamba ilikuwa begani kwake. Bwana mifugo akatutangazia kwamba mtoto yupo, wa miezi mitatu na ushee. Tulisikia sote isipokuwa mwenye ng'ombe, ambaye alijua kabla yetu.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, mvua zilipopungua kidogo, Tabita alipita tena na futi na daftari. Alimweleza Maduhu kwanza dawa inafanya nini na anauliza kwa nini. Halafu akamuuliza habari za dume, jike mmoja mmoja, na Maduhu akamjibu kwa sikukuu na kwa mavuno: huyu siku ya Krismasi, huyu wiki tuliyovuna ufuta, huyu dume hajamgusa. Kwa jike mmoja alisema hakumbuki. Kwenye karatasi jike huyo akatoka na neno ULIZA, na siku ya kunywesha nilipolisoma kwa sauti, Ngusa akamwachia ng'ombe kabla sijamaliza. Majirani wengine wawili walileta na vipimo vya ng'ombe wao.

Meatu alizaa mwezi wa tatu, mchana, chini ya mgunga, bila msaada wa mtu. Maduhu hakuja kwangu. Alikuja mpaka mlangoni kwa Tabita, akapiga hodi, akamwita kwa jina lake, akamwambia aje aone. Mimi nikafuata nyuma bila kualikwa, hilo ni haki yangu. Ndama alikuwa mwekundu, bado amelowa, anajaribu miguu. Maduhu akamwinua mkia, akatuonyesha. Jike.

Tabita alikaa chini palepale kwenye nyasi, akafunika uso na kanga. Nilidhani analia, kumbe anacheka, au vyote pamoja.

"Mkamwana," Maduhu akasema, "yule mama yake nilimpa jina la kwetu. Huyu ataitwa Mpemba."

Mawifi wakashangaa kusikia ng'ombe anaitwa jina la kituo cha malori. Wakazoea. Jioni nikamsikia mmoja wao anaita kutoka zizini, Mpemba hanyonyi vizuri, mwiteni mwenye Mpemba wake. Tabita akaenda, akamshika ndama, akamsogeza kwenye kiwele. Alikuwa amekaa upande wa kulia.